Kuvunjika kwa Stadi si Mwisho wa Injini

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



 Wasemaji walionitangulia wamezungumzia uongozi, elimu na ujenzi wa taifa. Mimi ni fundi wa magari, na ni vema mtu aseme jambo analolijua. Kwa hiyo nitazungumzia tundu dogo la milimita 8 lililomo katika hedi ya injini, na nyuzi zilizochongwa ndani yake. Vitabuni nyuzi hizo huitwa hesi. Gereji tunaziita thredi. Kile chuma kinachofungwa humo, chenye thredi ncha zote mbili, tunakiita stadi. Lakini lugha yetu humwita stadi pia mtu hodari wa kazi. Basi leo nitasema habari za stadi wote wawili.

Kwa nini thredi huharibika

Chukueni mfano wa Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, na ambayo iliendelea kuundwa mpaka mwaka 2003. Nyingine zingali zikitembea barabarani. Injini yake ina hedi mbili za alumini. Mahali moshi wa kila silinda unapotokea, bomba limeshikwa kwa stadi mbili za chuma cha pua, yaani stadi 8 kwa injini nzima.

Alumini ni laini, nayo ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha pua. Kila injini inapowaka na kupoa, metali hizi mbili huvutana. Miaka ikipita, nati hushikwa na kutu juu ya stadi. Siku fundi anapotaka kuifungua, nati haizunguki peke yake. Huzunguka pamoja na stadi, ikatoka na thredi za alumini, au stadi hukatika usawa wa hedi.

Sababu ya pili ni mikono yetu wenyewe. Fundi hushika spana ndefu akidhani kwamba kukaza sana ndiko kukaza vizuri. Ya tatu ni plagi. Mtu huifungua injini ikiwa bado ya moto, au huirudisha plagi ikiwa imekaa upande, akailazimisha kwa spana badala ya kuianzisha kwa vidole. Ndugu wenye Peugeot 404 na 504, wenye magari ya siku hizi, na ninyi vijana wa bodaboda, msijione mko mbali. Hedi zenu nazo ni za alumini.

Hatari yake

Mtu anaweza kuuliza: stadi moja ikilegea kuna nini? Injini si itawaka tu? Ni kweli itawaka, na hapo ndipo ulipo ubaya wake. Katika Volkswagen hiyo, joto la kupasha abiria hutokana na hewa inayosukumwa na feni ya injini kupita kwenye makasha yanayozunguka mabomba ya moshi. Bomba lisipobana sawasawa kwenye hedi, moshi unaweza kuifuata hewa hiyo mpaka ndani ya gari. Ndani ya moshi mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na ikizidi hufa.

Mwaka 1984 nililetewa gari la namna hiyo na mwalimu mmoja aliyekuwa akisafiri na watoto wake kati ya Makambako na Njombe wakati wa baridi. Alilalamika kwamba kila wakifungulia joto watoto huumwa vichwa na kutapika. Nilipofungua nilikuta stadi moja imesimamishwa kwa gundi na karatasi ya bati iliyozungushiwa. Gari lilikuwa limetoka gereji nyingine, na fundi wa huko hakumwambia mwenyewe neno lolote. Mwalimu alikuwa na haraka, akanisihi niikaze tu afike nyumbani. Nilikataa. Stadi isiyo na thredi haina pa kukaziwa, na gundi ile haikuwa ya kustahimili moto wa mahali pale. Mwalimu alikasirika, lakini aliliacha gari.

Kutoa kipande kilichovunjika

Kazi yenyewe huanza kwa subira. Ikiwa stadi imebaki imesimama, itie mafuta ya kulegezea kutu, uiache usiku kucha. Kesho yake ipashe moto alumini inayoizunguka, si stadi yenyewe. Kwa kuwa alumini hutanuka zaidi, tundu litapanuka na kuiachia stadi. Lakini tahadhari: alumini huyeyuka kwenye sentigredi 660, nayo haigeuki kuwa nyekundu kukuonya kama chuma kifanyavyo. Kisha funga nati mbili juu ya stadi, uzikaze moja dhidi ya nyingine, na uifungue stadi kwa nati ya chini.

Ikiwa imekatika usawa wa hedi, mwenye mashine ya kuchomelea aweke nati juu ya kipande kilichobaki na kuichomelea kwa ndani. Moto huo hukilegeza kipande, na nati huwa kishikio kipya. Asiye na mashine apige alama katikati kabisa kwa panchi, kisha atoboe kwa biti ndogo kwanza na kuongeza kidogo kidogo. Jihadharini na vile vyuma vya kung'olea vinavyopigwa ndani ya tundu. Ni vigumu kuliko biti zenu. Kikikatikia humo, tatizo moja limekuwa mawili.

Kutengeneza thredi mpya

Hapa kuna njia tatu zinazofaa. Ya kwanza ni springi ya thredi, ambayo wengi huijua kwa jina la kampuni, Heli-Coil. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, wenye umbo la msambamba, uliosokotwa kama springi. Kwa stadi ya milimita 8, tundu hutobolewa kwa biti ya 8.3, likachongwa kwa tapu yake maalumu, si tapu ya kawaida ya 8. Springi huzungushwa mpaka ishuke chini ya uso wa hedi kwa robo au nusu ya mzunguko, kisha kile kijiti cha chini kilichotumika kuizungushia hukatwa. Kwa kuwa springi ni pana kuliko tundu, hujibana yenyewe, na mzigo hugawanyika. Ikifungwa vizuri katika alumini, huweza kushika kuliko thredi za kwanza.

Njia ya pili ni stadi ya ngazi: upande wa hedi milimita 10, upande wa nati milimita 8. Ndiyo niliyotumia kwa gari la mwalimu. Miaka ile fedha za kigeni zilikuwa adimu na vipuri havikupatikana, achilia mbali springi hizo. Tulitoboa kwa biti ya 8.5, tukachonga kwa tapu ya 10, na mkereza vyuma akatukerezea stadi kutoka katika nondo nzuri ya chuma cha pua. Njia ya tatu ni kufunga bushi ya chuma yenye thredi ndani na nje. Hiyo naipendelea kwa tundu la plagi, maana plagi hufunguliwa mara kwa mara.

Njia yoyote mtakayochagua, sheria ni zile zile. Tundu lisimame wima: tumia drili ya kusimama, au uthibitishe kwa skwea. Funga utepe kwenye biti uonyeshe kina, usije ukatokeza upande wa pili. Paka tapu grisi ishike vumbi la chuma. Izungushe nusu mbele, robo nyuma, na ukiona inakaza usiilazimishe. Safisha tundu mpaka likauke, kwa sababu mafuta yaliyonaswa chini ya stadi yanaweza kuipasua hedi. Kwa tundu la plagi, fungua hedi kwanza, vumbi lisiingie katika silinda. Mwisho, stadi iingie kwa vidole, na nati ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu.

Maneno kwa vijana

Vijana wetu, nimesikia baadhi yenu mkisema kwamba karakana ni mahali pa walioshindwa darasani. Hesabu ya kutanuka kwa metali mnaifundishwa katika fizikia, habari za kaboni monoksidi katika kemia, na pembe mraba katika jometri. Kwenye tundu la milimita 8 masomo hayo yote hukutana, na hapo hakuna wa kukupa maksi kwa kubahatisha.

Lakini liko somo moja ambalo halimo katika vitabu hivyo. Thredi hufichwa. Ukishafunga nati, hakuna anayeona ulichofanya ndani: mwenye gari haoni, watoto waliokaa nyuma hawaoni. Kwa hiyo kila nikitengeneza tundu, humwambia mwenyewe, kisha huandika katika kadi ya matengenezo ya gari: hedi ipi, tundu lipi, limewekwa nini. Fundi atakayekuja baada yangu atajua afungue nini na atumie spana gani. Gari lile la mwalimu liliandikwa hivyo, nalo liliendelea kupanda milima ya Njombe na joto lake likiwa limefunguliwa.

Ndugu zangu, wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nami nasema stadi ya chuma ikivunjika tutatengeneza nyingine. Stadi mwenyewe akianza kuficha kazi yake, hatuna tapu ya kumrekebisha. Naiomba Kamati yetu, katika michango ya mwaka huu, ikumbuke kuinunulia karakana ya shule drili ya kusimama na seti moja ya tapu. Mimi niko tayari kuja kuwafundisha vijana kuvitumia.