Ulishauriwa, ama Ulihesabiwa?



Vijana wenzangu, ndugu na dada zangu katika imani, leo tuzungumze juu ya karatasi moja tu: ile ya mahudhurio barazani. Chifu ameita mkutano, kuna mradi unakuja. Unaandika jina, nambari ya simu, unatia sahihi. Unapewa soda na nauli, unaenda zako. Kesho karatasi hiyo inaweza kutolewa kama ushahidi kwamba wananchi walishauriwa. Je, wewe ulishauriwa, ama ulihesabiwa?

Tuangalie Lamu. Septemba 2016, NEMA iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kule Kwasasi. Wakaazi, kupitia Save Lamu, wakakata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa ni kwamba umma haukushirikishwa inavyotakikana. Mikutano ya mwanzo ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, utafiti wa athari zake ukiwa bado. Yaani mikutano ilikuwepo, mashauriano hayakuwepo. Utauliza nini kuhusu jivu, moshi na samaki wako kama hujaelezwa chochote?

Na sisi Waislamu kushauriana si jambo geni. Tuna sura nzima inayoitwa Ash-Shura. Majeshi ya Ahzab yalipoijia Madina, handaki lilichimbwa kwa rai ya Salman al-Farsi, mtu aliyetoka Uajemi. Kule Hudaybiya, Mtume (SAW) aliifuata rai ya mkewe, Ummu Salama (RA). Sasa baraza ambalo kina mama wamekaa nyuma kimya, wavuvi wako baharini, na ripoti ni Kiingereza kitupu, hiyo ni shura gani?

Hatupingi maendeleo. Umeme tunautaka, kazi tunazitaka. Lakini atakayevuta ule moshi ana haki ya kuulizwa kwanza.

Basi tufanye hivi.

Kwanza, iombe ripoti ya athari za mazingira kabla ya siku ya mkutano. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Dai ielezwe kwa lugha ambayo nyanya yako anaielewa.

Pili, dai mkutano uwekwe saa ambayo wavuvi wamerudi na kina mama wana nafasi. Wakifika, wapeni maikrofoni.

Tatu, andika maoni yako, yapeleke NEMA, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Maneno ya mdomo hupeperuka.

Nne, leseni ikitoka, anza kuhesabu siku. Sheria inatoa siku 60 za kukata rufaa kwa Jopo. Ukilala, zinaisha.

Na ile karatasi ikikufikia, isome juu imeandikwa nini kabla hujashika kalamu. Kama haiko wazi, andika kando ya sahihi yako: "Nimehudhuria, sijakubali." Ni maneno mawili tu, lakini hakuna atakayeweza kusema ulinyamaza.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.