Tunakunywa Tana, Tunachafua Sabaki

Hotuba ya afisa wa maji katika baraza la wakazi wa Eastlands



Naanza kwa swali. Ukifungua mfereji hapa Umoja, Kayole au Dandora, unakunywa maji ya mto gani? Si Mto Nairobi. Ni maji ya Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, wenye takriban kilomita 1,000.

Mto Thika hujaza bwawa la Ndakaini, na Mto Chania pia hutupatia maji. Yote miwili hutoka milima ya Nyandarua na kumiminika katika Tana. Maji tusiyoyachukua hufika Masinga, huzalisha umeme, kisha hunywesha watu na mifugo Garissa, Hola na Garsen, hadi baharini Kipini.

Tukishayatumia, hayarudi Tana. Majitaka yetu huenda Ruai kusafishwa, kisha huingia Mto Nairobi, halafu Athi. Mbele huko Athi huitwa Galana, na mwisho Sabaki, karibu na Malindi. Kwa hivyo sisi tunachota mto mmoja na kumwaga katika mwingine. Tunawadaiwa na watu wa mito yote miwili.

Choo kilichounganishwa na mtaro wa mvua hakipiti Ruai. Uchafu wake huenda moja kwa moja mtoni. Wakulima wa Machakos na Makueni humwagilia mboga kwa maji ya Athi, na mboga nyingine huja kuuzwa masoko ya hapa Nairobi. Tunachotupa chaweza kuturudia kwenye sahani.

Kuna hatari ya karibu zaidi. Mipira ya maji iliyopitishwa ndani ya mitaro hupasuka. Siku za mgao, bomba likiwa tupu, hufyonza uchafu. Maji yakirudi, mtoto hunywa kipindupindu.

Ninawaomba mambo matatu. Mwenye ploti, unganisha vyoo na bomba la majitaka. Mpangaji, usitupe nepi wala takataka kwenye mashimo ya majitaka. Na sote, tukiona bomba limepasuka, turipoti siku hiyo hiyo. Kila mtungi unaomwagika njiani umetolewa Tana, na kuna mtu Garissa ambaye angeunywa.