Mkate Unaungua Nyuma, Mbele Ni Mbichi: Tusibomoe Furu Kwanza

Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi

Leo hatukuja na orodha ya majina wala habari za mgawo. Tumekuja tuongee juu ya furu ya mikate, ile ambayo wengi wenu mliizoea Tanzania kwa jina la tanuri.

Sisi wenye kutembelea vikundi vya Baraka na vijiji vya kando ya ziwa, lalamiko tunalolisikia sana ni hili: furu moja, unga mmoja, lakini mikate ya nyuma inatoka myeusi kama makala na ya mbele inabaki myeupe kama bugali. Nusu inauzwa, nusu inarudi nyumbani kwa watoto. Na ule unga ulinunuliwa kwa mkopo wa sanduku la AVEC, na mkopo haungoji. Kisha maneno yanaanza. Huyu anasema mama mwenye kuwasha moto ni mvivu. Yule anasema fundi alitudanganya. Mwengine anasema furu imetupiwa jicho, tuibomoe tujenge ingine. Kubomoa ni kazi ya saa moja. Kujenga ni matofali, udongo na siku nyingi bila kuuza hata mkate mmoja.

Tunaomba tusikilizane kwanza. Furu ya matofali haipiki na moto. Inapika na joto ambalo moto umeliacha ndani ya matofali. Tunawasha, matofali yanakunywa joto, tunatoa makaa, ndipo mkate unaingia. Kwa hiyo kama mkate unaiva vibaya, tuulize: ni tofali gani halikunywa joto, na ni tofali gani limelimwaga? Tuanze na yale ambayo hayalipishi hata franka moja.

Jambo la kwanza, tuangalie masizi. Ukiwasha, ndani kunakuwa kweusi. Joto likizidi, masizi yanaungua na tofali linarudia rangi yake. Sasa tazama: nyuma kumekuwa kweupe na karibu na mlango kungali kweusi? Basi mbele hakujashiba joto. Mara nyingi ni juu moto unawashwa pahali pamoja tu, kule nyuma, mpaka mwisho. Dawa yake: moto ukishika, usogeze. Utandaze makaa kwenye sakafu yote, mpaka kwenye pembe na karibu na mlango, uyaache yafanye kazi.

La pili, kupumzisha furu. Vikundi vingi vinatoa makaa na kuingiza mikate palepale. Hapana. Ukisha kufagia, funga mlango dakika 20 mpaka 30. Joto lililo jingi upande mmoja linatembea kwenda upande mwengine. Kisha pima kwa unga: tupa kidogo pahali patatu, nyuma, katikati na mbele, uhesabu polepole. Ukigeuka mweusi kabla ya 5, ni moto mno, ngoja. Ukipata rangi ya kahawia kati ya 10 na 20, ingiza. Ukifika 30 ungali mweupe, pale ni baridi. Kama pahali patatu panatoa jibu moja, furu yenu ni nzima.

La tatu, kuni. Kuni mbichi inaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Moto unapoteza nguvu kwa kuchemsha maji yale badala ya kupasha tofali. Tupasue kuni ndogondogo, tuzianike chini ya manjanja majuma kadhaa. Na hapa tuseme wazi: kila fungu la kuni tunalopoteza ni safari ingine ya mama ao binti porini, na wote tunajua njia za porini zilivyo.

Kama hayo matatu hayakusaidia, ndipo tuangalie mwili wa furu.

Washa majani mabichi ndani, funga mlango, uzunguke nje. Moshi ukitoka kwenye ufa, na joto linapita palepale. Ziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Msizibe kwa simenti, haivumilii moto mkali, itapasuka tena.

Pima mlango. Kimo chake kinatakiwa kuwa kama sehemu 6 kwa 10 ya kimo cha ndani. Furu yenye sentimita 40 ndani, mlango wake ni kama sentimita 25. Mlango mrefu unamwaga joto, na mikate ya mbele inabaki mbichi. Ukiwa mfupi sana, moto unakosa hewa. Mlango mrefu unapunguzwa kwa safu moja ya matofali tu. Kama bomba la moshi liko nyuma, joto linapita juu ya mikate na kutoka. Pahali pake ni mbele, juu ya mlango.

Mwisho, sakafu. Kama mikate inaiva juu na chini ni mbichi, joto linashuka kwenye udongo, zaidi wakati wa mvua. Furu inataka kuinuliwa juu ya mawe na kuezekwa. Chini ya matofali ya sakafu weka tabaka la chupa tupu zilizolazwa ndani ya mchanga mkavu. Hewa ya ndani ya chupa inazuia joto kushuka. Ndugu wa Goma wana bahati, wako na mawe mepesi ya volkano yenye matundu, nayo yanafanya kazi ileile.

Tunaomba chama kikubali mambo mawili. Moja, hakuna furu itakayobomolewa kabla kikundi hakijafanya majaribio haya yote mara tatu. Mbili, kila kikundi kiwe na daftari: leo mafungu ya kuni mangapi, dakika ngapi za kupumzisha, mikate mingapi mizuri, mingapi imeungua, na ilikuwa upande gani. Daftari halina jirani wala adui. Likionyesha kama shida ni mlango, basi yule mama aliyekuwa anasemwa atapumzika, na sisi tutatafuta safu moja ya matofali.

Mkutano ujao mlete hayo madaftari, tuyasome pamoja. Na mkate pia mlete, tuonje.