Joto Huua Chavua Shambani, Maabarani Huleta Mbegu



Nyanya zikichanua wakati joto la mchana limepita nyuzi 35 za Selsiasi kwa siku kadhaa, maua mengi hupukutika. Chavua hudhoofika, ua likakosa kurutubishwa.

Maabarani, mshtuko kama huo una faida. Mwaka 1964, Sipra Guha na Satish Maheshwari wa Chuo Kikuu cha Delhi, India, walipata viinitete kutokana na chavua changa ya datura. Baadaye ilijulikana kwamba seli changa za chavua ya kanola, jamaa ya sukuma wiki, zikiwekwa katika virutubisho kwenye nyuzi 32, baadhi huacha kuwa chavua na kuanza kukua kama mche. Masuke ya shayiri huanzishiwa kwenye baridi, nyuzi 4 hivi.

Mche huo una nusu ya kromosomu. Zikifanywa maradufu, mbegu zake hazibadiliki. Kazi ya vizazi 6 au zaidi humalizika kwa kimoja.

Hapa shambani, pangeni upanzi ili maua yasikutane na miezi ya joto kali, tandazeni nyasi na muulizeni afisa wa kilimo wa wadi kuhusu mbegu zinazostahimili joto.