Nani Atangaze Taji? Hukumu na Thawabu za Waumini katika Mahubiri Yetu ya Mazishi

Mada kwa wachungaji, wainjilisti, makatekista na wazee wa kanisa, Bukoba na Muleba

  

Nimeombwa kuzungumzia hukumu na thawabu za waumini baada ya kifo. Nitaanzia kibanjani, si kwenye kitabu cha Ufunuo, kwa sababu kwetu mtu huzikwa karibu na nyumba yake, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na wengi wetu fundisho la mambo ya mwisho tumelisikia tukiwa tumesimama pale. Utaratibu mnaujua. Unasomwa wasifu wa marehemu, zinakuja rambirambi za ofisi, za chama na za wakwe, kisha anasimama mtu na kutangaza kwamba marehemu ameshavikwa taji. Wiki inayofuata, katika kijiji hicho hicho, anazikwa mlevi, au mtu aliyekufa kifo ambacho watu wanakisema kwa kunong'ona. Ibada inakwisha upesi na habari za taji hazitajwi. Katika mazishi yote mawili tumekalia kiti kisicho chetu.

Hukumu ya waumini ipo, na thawabu ipo. Zote mbili ni za Kristo, wala hakumwagiza yeyote kati yetu azitangaze kabla ya siku yake.

Paulo, katika 2 Wakorintho 5:10, anawaambia watu waliokwisha kubatizwa kwamba hakuna atakayekwepa kusimama mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo. Lakini Yesu, katika Yohana 5:24, anamhakikishia anayemwamini kwamba haingii hukumuni, bali amekwisha kuvuka kutoka mautini kwenda uzimani. Waumini wengi hubabaika hapa, na wana haki ya kubabaika. Mlango wa tatu wa 1 Wakorintho ndio unaotusaidia. Msingi ni mmoja, Kristo. Juu yake mmoja anajenga kwa dhahabu, mwingine kwa miti na majani makavu, na moto unakuja kupima kazi ya kila mmoja. Ambaye kazi yake imeteketea anapata hasara, ila yeye mwenyewe anaokolewa, ametoka katikati ya moto. Sisi wajukuu wa watu walioishi kwenye msonge, nyumba ya nyasi toka kileleni hadi chini, tunaelewa vizuri Paulo alikuwa akisema nini. Kwa hiyo kinachopimwa pale ni kazi ya mwenye kuokolewa. Wokovu wenyewe haurudishwi mezani ukapigiwe mahesabu upya.

Wakatoliki wanaisoma sehemu hii pamoja na fundisho la toharani. Walutheri hawalikubali. Ndugu zetu Wapentekoste wengi hutenganisha kiti cha Kristo na kile kiti cheupe cha Ufunuo 20. Sitaki tumalizie siku hapo. Ungamo la Augsburg la 1530, katika kifungu cha 17, linakiri kwamba Kristo atarudi kuwahukumu wote, na Utetezi wa Ungamo hilo unakubali bila kigugumizi kwamba matendo mema yana thawabu, ila hayanunui msamaha. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji huo huo wa Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Mkoa wetu, uliotoa Laurean Rugambwa, kadinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, mwaka 1960, na Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984, usingepaswa kuwa wa mwisho kulielewa jambo hili.

Sasa niseme lililonileta. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa wa mkoa wetu. Kabla ya jina hilo kuzoeleka, watu waliuita ugonjwa Juliana, jina la nguo zilizoingia kwa biashara kutoka Uganda. Miaka ile mimbari nyingi zilikuwa na jibu tayari: hii ni hukumu ya Mungu. Hebu mfikirieni mtoto aliyemzika baba Machi na mama Agosti. Ameketi kwenye jamvi, miguu haina viatu, amevalishwa shati la kaka yake, na mhubiri anaeleza mbele ya kijiji kizima kwa nini Mungu amemkasirikia mama yake. Mtoto huyo leo ni mtu mzima. Pengine ni mzee wa kanisa na yumo humu ndani.

Someni tena Mathayo 25. Hakimu anataja njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo. Hamuulizi mgonjwa aliupata wapi ugonjwa wake. Anataka kujua nani alikwenda kumtazama. Makanisa yaleyale yaliyokuwa na maneno makali mimbarini yalikuwa pia na watu waliokwenda kutazama: wauguzi wa Ndolage, Rubya na Kagondo, wahudumu wa mpango wa HUYAWA wa KKKT waliohangaikia yatima, na zaidi ya wote bibi zetu, waliokwisha kumaliza kulea wakaanza kulea upya. Nikiulizwa mkoa huu umeweka akiba gani mbinguni, nitawataja hao bibi kabla ya kutaja kanisa lolote tulilolijenga. Na tazameni wale wanaosifiwa katika Mathayo: wanashangaa. Hawakumbuki kwamba walimtendea Bwana lolote.

Kuhusu majanga, Luka 13 ilikwisha kutujibu. Mnara wa Siloamu uliua watu 18, na Yesu akakataa kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine wa Yerusalemu. Vivyo hivyo waliokufa na meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Vivyo hivyo waliopoteza maisha kwenye tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Wapo waliozama na meli ile ambao miili yao haikurudi nyumbani, na familia zao hazina kaburi la kufagia. Familia hizo tuzisomee Ufunuo 20:13, ambapo maji yenyewe yanawatoa wafu wake, na tuzisomee kama ahadi.

Ndege ilipoanguka ziwani hapa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, walifariki watu 19 na 24 wakaokolewa. Kijana mvuvi aliyewahi kufika na kusaidia kufungua mlango alipewa shilingi milioni moja, kisha Rais akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilistahili kabisa. Lakini siku ile walikuwepo wavuvi wengine, na wananchi waliovuta kamba pale ufukweni, ambao majina yao hayakusomwa popote. Yule aliyesema, katika Mathayo 10:42, kwamba hata kikombe cha maji baridi hakitakosa thawabu, anawajua.

Thawabu hiyo itakuwa ya namna gani? Hapa nina hofu na mahubiri yetu. Enzi za Bakama, watawala wetu wa jadi, mtu aliyempendeza Omukama wake aliweza kupewa nyarubanja: vibanja ambavyo tayari vilikuwa na wenyewe. Wenye vibanja wakageuka wapangaji wake, wa kumpelekea sehemu ya mavuno na kumfanyia kazi. Sheria ya 1965 ndiyo iliyoanza kuwafungua. Thawabu ya mmoja ilikuwa hasara ya jirani yake. Nikisikia mbingu inahubiriwa kwa madaraja, mwenye kutoa saruji nyingi akiwa juu na maskini chini yake, naona nyarubanja imehamishiwa mbinguni. Ni kweli Luka 19 inataja miji kumi kwa mmoja na mitano kwa mwingine, tofauti zipo. Lakini kinachoongezwa pale ni wajibu kwa mtumwa aliyekuwa mwaminifu katika kidogo, na hakuna anayenyang'anywa chake isipokuwa yule aliyeifungia fedha kwenye leso. Na katika Mathayo 20 kibarua wa saa ya mwisho anapokea dinari sawa na wa alfajiri, huku mwenye shamba akikataa kuulizwa juu ya wema wake.

Napendekeza wasifu usomwe kabla ya ibada, ili neno la mwisho kaburini liwe la Mungu. Liturujia ya mlevi iwe na urefu uleule wa liturujia ya mwenyekiti. Mjane akiuliza mume wake yuko wapi, ajibiwe kwamba yuko mikononi mwa Yule aliyemfia, na mhubiri asiongeze lake.

Limebaki gumu, na naomba wazee wa Muleba waanze nalo: muumini aliyenyimwa mazishi ya kanisa kwa sababu hakuwa akitoa ahadi wala kufika jumuiya. Msimamo wangu ni kwamba nidhamu ya kanisa imewekwa ili kumrudisha aliye hai. Akishafariki hakuna tena wa kurudishwa, na anayebaki akiadhibiwa ni mjane na watoto. Kama kuna andiko linalotupa ruhusa hiyo, naomba lisomwe hapa mbele ya wote tulijadili.