Kinyozi wa Omaha na Kitabu cha Kanuni



Zikitajwa siasa za Marekani, macho yetu hukimbilia Washington. Jioni hii naomba twende Lincoln, makao makuu ya Nebraska. Majimbo mengine yote yana mabunge ya mabaraza mawili. Nebraska, tangu 1937, ina baraza moja tu, lenye maseneta 49. Kwenye karatasi ya kura, jina la chama haliandikwi. Mshahara wa seneta ni dola 12,000 kwa mwaka. Nawasihi msiwaambie wabunge wetu.

Mwaka 1970 wakazi wa kaskazini mwa Omaha, wengi wao Wamarekani weusi, walimchagua kinyozi aitwaye Ernie Chambers. Akawa akiingia ukumbini na fulana, suti na tai akawaachia wenzake, na kiti kile akakikalia miaka 38 mfululizo.

Peke yake kati ya watu 49, aliwezaje kutisha? Alizisoma kanuni. Bunge lile hukaa siku 90 mwaka mmoja na 60 mwaka unaofuata, na kufunga mjadala kwa nguvu kunahitaji kura 33. Sasa mwachie mtu anayezijua kanuni kwa kichwa alete marekebisho juu ya marekebisho, asimame aseme saa nzima, kesho arudie. Siku zinayoyoma, miswada ya wenzake imekwama kwenye foleni. Basi wakawa wanamfuata pembeni kumuuliza anataka nini. Kura hakuwa nazo. Muda wao ndio alioushika.

Mwaka 1980 azimio lake liliifanya Nebraska kuwa jimbo la kwanza kutaka fedha za pensheni ziondolewe katika makampuni yaliyofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Vituko navyo havikukosekana. Mwaka 2007 alimshtaki Mungu, akitaka kuonyesha kwamba mlango wa mahakama uko wazi kwa yeyote. Jaji akaitupa kesi kwa kuwa mshtakiwa hana anwani ya kupelekewa hati ya wito.

Mwaka 2000 wapiga kura waliwawekea maseneta ukomo wa vipindi viwili mfululizo vya miaka minne minne, na wengi waliamini aliyelengwa ni yeye. Ukomo wa rais au gavana naukubali, maana huyo ameshika dola na hazina. Wa mbunge unanitia shaka. Miaka minane ikiisha ndiyo kwanza ameanza kuielewa bajeti, na akiondoka, kumbukumbu ya bunge inabaki kwa mawakala wa makampuni wanaomvizia mgeni koridoni. Hao hawana ukomo.

Chambers aliondoka 2009, akasubiri miaka minne kama sheria ilivyotaka, akarudi 2013. Mei 2015 muswada wa kufuta adhabu ya kifo, alioupigania miongo minne, ulishinda kura ya turufu ya Gavana Pete Ricketts kwa kura 30 dhidi ya 19. Zilihitajika 30 kamili. Mwaka uliofuata wananchi waliirudisha adhabu hiyo kwa kura ya maoni, na Agosti 2018 mfungwa mmoja aliuawa kwa sindano, wa kwanza jimboni tangu 1997.

Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 81, Chambers aliwasilisha tena muswada wa kuifuta adhabu ya kifo.