Jina Moja, Maandishi Mengi
(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi)



Vikundi vingi sasa vimetoa majina ya wanachama kwenye daftari na kuyatia katika simu au kompyuta. Ni vizuri. Lakini katibu alipopekua daftari, jicho lake lilitambua kwamba Wangare wa ukurasa huu ndiye Wangari wa ukurasa ule. Mashine haina jicho hilo. Ukitafuta Wangare na yeye aliandikwa Wangari, simu nyingi zitakuambia hayupo. Basi mama wa watu amefiwa, amekuja kuomba msaada wa mazishi, mchango ametoa kila mwezi, na anaambiwa si mwanachama! Au anaandikwa upya, na akiba yake inakaa mahali pawili.

Kuna njia ya kutafuta kwa sauti. Mmarekani Robert Russell aliisajili mwaka 1918, kabla ya kompyuta. Yaitwa Soundex. Inashika herufi ya kwanza, inaacha vokali, na konsonanti zinazokaribiana kwa sauti zinapewa tarakimu moja. Wangari na Wangare wote wanakuwa W526. Amepatikana.

Lakini ilitengenezewa majina ya Kizungu, si yetu. R na L, ambazo wengi wetu huzichanganya, zina tarakimu tofauti, kwa hiyo Wangali anakuwa W524 na anapotea. Njoroge akiandikwa Joroge, herufi ya kwanza imebadilika, basi naye haonekani. Tena Wanjiku na Wangeci wanapewa W522 wote wawili, na hao si mtu mmoja hata kidogo.

Njia nyingine ni ya Mrusi Vladimir Levenshtein, ya mwaka 1965: kuhesabu herufi za kuongeza, kuondoa au kubadilisha. Joroge kwa Njoroge ni herufi moja. Mohamed kwa Mohammed, moja. Hiyo yatufaa zaidi. Ila Otieno na Atieno pia ni herufi moja, na huenda ni kaka na dada!

Kwa hiyo mashine ilete majina yanayokaribiana, halafu katibu aulize namba ya kitambulisho. Asilipe wala kufuta jina kabla ya hapo.

Kama programu yenu haina njia hizi, andika herufi chache tu, "Wang", uone wote wanaotokea. Na ongezeni safu ya "majina mengine": lilivyoandikwa kwenye kadi ya kikundi, lilivyotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa. La kitambulisho libaki kama lilivyo, hata kama wewe katibu waona limekosewa. Mwenye jina ndiye wa kuulizwa.

Mkutano ujao kila katibu aje na rejista yake. Tutaanza na walioandikwa mara mbili.